Injini ikizima hewani kwenye ndege ndogo: cha kufanya mpaka mnashuka

Kwanza tutoe hofu moja. Ndege ndogo ikizima injini haidondoki, inateleza. Cessna 172, ile ya viti vinne ambayo marubani wengi huku kwetu wamejifunzia, bila injini inaenda mbele kama futi 9 kwa kila futi moja inayoshuka, yaani ukiwa futi 6,000 juu ya ardhi una karibu kilomita 16 za kuteleza kama hakuna upepo wa kukusumbua. Injini inakupandisha tu na kukuweka juu, anayeibeba ndege ni bawa, na bawa halijui kama injini inafanya kazi au la, linachotaka ni hewa ipite kwa spidi ya kutosha basi. Kinachoua sana kwenye hizi ajali ni rubani kuvuta usukani ili abaki juu kidogo, au afike kule mbele kidogo, spidi inaisha, bawa linaachia, na ndege ikistoli karibu na ardhi hakuna tena cha kuokoa. Kwa hiyo humu nitarudia spidi mpaka mchoke.

Mimi naongelea 172 maana ndo ninayoijua vizuri. Cherokee ina namba zake, Caravan ndo kabisa ni mnyama mwingine, na kitabu cha ndege yako pamoja na instrukta wako ndo wenye neno la mwisho, haya ni ya kukufanya uelewe kwa nini wanakwambia hivyo.

PUA KWANZA

Uko kwenye kruzi, yaani umeshapanda unaenda usawa mmoja, spidi noti 110 hivi (noti moja ni kama kilomita 1.85 kwa saa), injini ikakata. Hapo una spidi ya ziada mfukoni, shikilia usawa uleule, iache ishuke yenyewe mpaka 68 kwa 172S (zile N za zamani ni 65) halafu ndo uachie pua ishuke na uiweke trimu hapo hapo ili ndege ijishike yenyewe, mikono yako inaenda kuwa na kazi nyingine. Lakini kama ulikuwa unapanda, pua iko juu, spidi 74 tu, hadithi ni tofauti kabisa, ile spidi inaisha ndani ya sekunde chache, kwa hiyo hakuna kutafakari, sukuma usukani mbele na sukuma kweli mpaka kioo kijae ardhi kuliko ulivyozoea. Inaogopesha, mwili wote unakwambia vuta. Usivute.

Kwa spidi hiyo ya kuteleza 172 inashuka kama futi 700 na ushee kwa dakika. Futi 3,000 juu ya ardhi ni kama dakika 4, na dakika 4 zinatosha kufanya kila nitakachokitaja humu kama hujapoteza moja nzima umeduwaa unaiangalia propela. Ila angalia, altimita, ile saa ya urefu, inahesabu kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko futi 4,500 hivi, Wilson Nairobi uko zaidi ya 5,500, kwa hiyo mtu wa Dar aliyezoea kuisoma altimita moja kwa moja akiona 7,000 kule Arusha anajiona tajiri kumbe chini yake ana 2,500 tu na hapo sijaweka vilima.

Mpangilio ni huu: rusha ndege, chagua pa kutua, jaribu kuwasha, halafu ndo uongee redioni. Watu wakipata presha wanaupindua, wanaanza kuongea.

UNATUA WAPI

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu wenyewe.

Anza na upepo. Pwani mambo ni rahisi, kusi au kaskazi unaijua hata kabla hujatoka nyumbani, mwezi wa saba huwezi kuniambia hujui upepo unatokea wapi. Bara angalia moshi, kuna mtu anachoma shamba au tanuru la matofali linawaka karibu kila mahali, angalia vumbi la gari linaelekea wapi, na kama kuna bwawa tazama kingo zake, ule upande maji yametulia kama kioo ndo upepo unakotokea. Kwa nini nang'ang'ania upepo? Piga hesabu hii. Unagusa ardhi saa ya spidi inasoma noti 50 na kuna upepo wa noti 15. Ukiukabili, ardhi unaikuta kwa 35. Ukiupa mgongo unaikuta kwa 65. Nguvu ya kugonga inakua kwa mraba wa spidi, kwa hiyo ndege ileile, rubani yuleyule, shamba lilelile, umegonga kwa nguvu zaidi ya mara tatu kwa sababu tu umetokea upande mbaya. Juu ya milima ongeza na hili: Wilson mchana nyuzi 25 hewa ni nyepesi kama iko futi 8,000, spidi halisi inaizidi ile unayoisoma kwenye saa kwa asilimia 12 au 13, na hiyo nayo unaenda nayo ardhini.

Halafu kuna habari njema ambayo haisemwi sana. Kwa kilomita 80 kwa saa, ukisimama taratibu na sawasawa ndani ya mita 3 tu, mwili unabeba kama G 8 na nusu, yaani mara nane na nusu ya uzito wako, na mtu aliyefunga mikanda vizuri anaweza kutoka hapo akiwa hai. Ukija na 160 unahitaji kama mita 12 kupata kitu kilekile. Maana yake ni kwamba huhitaji ranwei, unahitaji kuja polepole, na ndege inyooke kwenda mbele, na kitu chochote kile kiwe kinakupunguza kidogo kidogo badala ya ukuta mmoja. Mabawa yakikatika sawa, matairi yakibaki kwenye mfereji sawa. Kuanzia injini ilipokata ile ndege ni mali ya bima, wewe linda pale mlipokaa.

Sasa mashamba yenyewe. Malisho ya ng'ombe na zile mbuga za wazi kama nyanda za Athi ni zawadi, tatizo lake ni vichuguu na makorongo ambayo kutoka futi 2,000 huyaoni, unakuja kuyaona futi 200. Mahindi marefu sio mabaya, yanakata spidi vizuri tu, chukulia vile vilele vyake ndo ardhi, umalizie spidi hapo juu, usiyapige ukiwa bado una 80. Shamba likiwa limelimwa tuta kwa tuta basi tua kufuata matuta, kukata matuta kwa upana unavunja tairi la mbele sekunde ya kwanza. Mpunga wenye maji unapendeza ukiwa juu, kijani laini, ila matairi yakizama ndege inabinuka, na ukilazimika basi uje na spidi ndogo kabisa pua ikiwa juu. Beryl Markham, yule rubani aliyekulia Njoro, mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, injini ikakata kwa sababu ya barafu kwenye mfumo wa mafuta, akatua Nova Scotia kwenye sehemu aliyoiona tambarare nzuri, kumbe ni tope, ndege ikachomeka pua. Alitoka na jeraha la kichwani. Ardhi inayong'aa, ardhi ya kijani kuliko majirani zake, iwekee maswali.

Mkonge mimi siupendi, mashina magumu yamepangwa mistari. Chai ni vichaka vigumu na karibu kila mara iko mteremkoni. Minazi isahau kabisa, shina refu bila matawi ni nguzo tu. Ule weupe wa magadi au chumvi kwenye maziwa ya bonde la ufa unaonekana kama sakafu ya saruji, chini yake mara nyingi ni tope. Ufukweni maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga mgumu uliolowa karibu na maji ni mzuri kuliko mashamba mengi, tatizo watu, watoto wanacheza mpira, wakulima wa mwani, mitumbwi, na hawakusikii ukija maana injini imenyamaza.

Barabara. Kila mtu anataka barabara kwa sababu inafanana na ranwei. Aisee, barabara zetu zina nguzo za umeme upande mmoja, wakati mwingine pande zote, waya unakatiza pale penye kijiji, kuna bodaboda, kuna malori, na wewe unakuja kimya kimya na mabawa ya mita 11. Waya huwezi kuuona, tafuta nguzo, ukiona nguzo mbili kuna waya katikati hata kama hauonekani. Januari 1954 Ernest Hemingway na mkewe walikuwa wanazunguka maporomoko ya Murchison kule Uganda na Cessna 180, wakagonga waya wa simu wa zamani uliobaki pale porini, rubani akalazimika kuibwaga ndege vichakani. Porini kabisa, na waya ulikuwepo. Kwa hiyo barabara nenda kama ni ya vumbi, nyeupe, tupu, na huoni nguzo, la sivyo chukua shamba la pembeni yake, unapata faida ya barabara kwa waokoaji bila kuua mtu wa bodaboda.

Ukikosa vyote na chini ni miti tu, chagua miti mifupi na minene kuliko mirefu na mitupu, uje taratibu ukikabili upepo, pua juu kidogo, mabawa yote mawili yaguse pamoja. Usistoli juu ya vilele ukaanguka kutoka huko.

Ukishachagua, umechagua. Shamba la wastani unalolifikia ukiwa na urefu wa ziada ni bora kuliko zuri unalolifikia kwa kuomba dua.

JARIBU KUIWASHA, ILA USISAHAU UNARUKA

Mkono unapita njia moja, kila siku ileile, kutoka sakafuni kuja juu. Kwenye 172N: swichi ya kuchagua tanki iweke pande zote mbili, miksha (ya mchanganyiko wa mafuta na hewa) sukuma ndani kabisa, throto (ya nguvu ya injini) ifungue kiasi, hita ya kabureta (kule mafuta na hewa vinakochanganywa) vuta yote, magineto (ya cheche) angalia iko kwenye zote mbili, praima (pampu ndogo ya mafuta ya kuwashia) iwe imefungwa. Kwenye S hakuna hita ya kabureta, kuna pampu ya mafuta ya umeme, washa, na angalia vali ya kuzimia mafuta iko ndani. Propela ikiwa bado inazunguka kwa upepo huhitaji stata, ikiwaka itawaka yenyewe. Hii yote ni sekunde kama 15 ukiwa umeizoea, na utaizoea ukikaa kwenye ndege iliyoegeshwa unapitisha mkono macho yamefumbwa, fanya hivyo ukisubiri abiria, hakuna atakayekucheka.

Hita ya kabureta ina haraka yake. Inatumia joto la ekzosti, na injini ikishakata ekzosti inapoa, kwa hiyo ukisubiri dakika mbili unavuta hewa baridi tu. Na watu wetu wa pwani wanadhani barafu ni habari ya Ulaya. Hapana. Kabureta inapoza hewa sana, nyuzi 28 na unyevu ule wa Unguja, umepunguza nguvu unashuka kuelekea uwanjani, hapo ndo barafu inajijenga vizuri kabisa. Dalili yake mizunguko inapungua pole pole bila wewe kugusa kitu. Ukivuta hita injini inaweza kukohoa zaidi kwanza maana barafu inayeyuka inapita humo, usirudishe kwa woga, iache.

Kitu kibaya kuliko injini kuzima kabisa ni injini kuzima nusu. Inatetemeka, mizunguko imebaki 1,800, ndege haipandi ila inashuka kidogo kidogo, na wewe unajiambia itanifikisha. Inakuvusha juu ya mashamba matatu mazuri halafu inakata juu ya mji. Ikianza kuleta shida ichukulie imeshakufa, nenda juu ya mahali pa kutua ndo uanze uchunguzi ukiwa unazunguka hapo, ikikubeba mpaka uwanjani ni bahati nzuri, usiipangie ratiba.

Redio: kama ulikuwa unaongea na mnara baki hapohapo kwenye masafa yao, kama huna mtu wa kuongea naye weka 121.5, na transponda, kile kifaa kinachokuonyesha kwenye rada, weka 7700. Mayday mara tatu, jina la ndege, injini imekata, uko wapi, futi ngapi, unatua wapi, watu wangapi ndani. Mwisho. Kama huwezi kukumbuka utaratibu sema tu kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili, mtu wa pale atakuelewa, cha muhimu ni mahali na idadi. Sema mapema, ukiwa juu, maana redio inashika vizuri zaidi juu kuliko nyuma ya kilima, na baada ya hapo acha maswali yao yapite, wao hawatui hiyo ndege.

KUINGIA

Zunguka karibu na shamba lako, usiende mbali ukategemea kurudi. Jaribu uwe ubavuni mwa pale utakapogusa ukiwa futi 1,000 hivi, umekaa umbali ambao shamba unaliona vizuri chini ya bawa, halafu kata kona mapema kuliko ulivyozoea kwa sababu huku hakuna throto ya kurekebisha. Lenga theluthi ya kwanza ya shamba, sio ukingo wa mwanzo. Ukizidi kidogo utagonga ua wa mwisho ukiwa umeshapungua mpaka 20, ukipungukiwa unagonga ua wa mwanzo na spidi yote.

Urefu wa ziada unapunguzwa, uliopotea haurudi. Kwa hiyo flapu, yale mabamba ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, zisubiri mpaka uwe na uhakika umelifikia, kisha shusha kidogo kidogo. Bado uko juu? Pinda kushoto kulia, au telezesha ubavu, usukani upande mmoja mguu upande mwingine, 172 inashuka vizuri sana hivyo, ila kwenye Cessna flapu zikiwa zimeshuka zote usikae na huo mtelezo muda mrefu, soma kitabu kinasemaje. Na spidi, angalia spidi. Kona ya mwisho ndo inaua, unaona unapita shamba, unavuta na mguu unasukuma, hapana, laza bawa kidogo, kubali kutua mshazari.

Kabla ya kugusa: miksha vuta, mafuta zima, magineto zima, yote haya ni ili moto usipate cha kula. Swichi kuu ya umeme zima mwisho kabisa, maana flapu za Cessna ni za umeme, watu wamezima umeme kwanza wakabaki na flapu zimegandia nusu. Milango ifunguliwe kufuli na ikae wazi kidogo, chomeka kiatu, daftari, chochote, kwa sababu bodi ikijipinda mlango uliofungwa haufunguki. Huyohuyo Hemingway, siku moja baada ya ule waya, alipanda ndege nyingine Butiaba, ikawaka moto ikijaribu kuruka, mlango umekwama, akaufungua kwa kuupiga kichwa. Ndo maana nasema kiatu.

Sekunde za mwisho usukani unakuja kifuani taratibu, matairi makubwa ya nyuma yaguse kwanza kwa spidi ndogo inayowezekana, kengele ya stoli inalia, iache ilie, endelea kuvuta ili tairi la mbele lichelewe. Endelea kuiendesha kwa miguu mpaka isimame kabisa. Kama mbele kuna miti miwili, ipitishe pua katikati mabawa yalipe.

IKIKATA WAKATI UNARUKA

Hii naiweka peke yake maana muda hakuna. Umetoka ranwei, futi 300, kimya. Unatua mbele. Kulia kidogo au kushoto kidogo, nyuzi 30 kila upande, basi. Pua chini, spidi 70 bila flapu au 65 na flapu, zima mafuta, flapu kadiri zinavyohitajika, milango.

Kila mtu anatamani kurudi, ranwei iko hapo nyuma ndefu na tamu. Ila hugeuki nyuzi 180, unahitaji kama 225 ndo urudi kwenye mstari halafu 45 nyingine unyooke, na upepo uliokuwa usoni sasa uko mgongoni. Ukiona haitoshi unalaza bawa zaidi. 172S inastoli kwenye 48 ikiwa imenyooka bila flapu, ukilaza nyuzi 45 ukiwa unashikilia usawa inakuwa 57, ukilaza nyuzi 60 inakuwa 68, yaani spidi ileile uliyoambiwa uitumie kuteleza ndo inayokuangusha. Harrison Ford, yule mwigizaji, Machi 2015 alitoka Santa Monica na ndege ya zamani ya mafunzo, injini ikakata akiwa bado chini, akaanza kugeuza kurudi, akaona haifiki, akaishusha kwenye uwanja wa gofu akagusa mti njiani. Aliumia vibaya ila akapona, na wachunguzi wakakuta kuna kipande kidogo ndani ya kabureta kilijifungua chenyewe. Walilalamikia pia jinsi mkanda wa bega ulivyofungwa kwenye ile ndege. Angalia pale mkanda wako wa bega ulikoshikizwa, sio kuuvaa tu.

Kwa hiyo kabla ya kila kuruka sema kwa sauti, hata uko peke yako: ikikata ranwei bado ipo, nafunga throto na breki, ikikata chini ya futi fulani natua kule, unapataja kwa jina. Ukitoka Wilson kwa ranwei ya 14 mbele kuna hifadhi ya taifa, ukitoka kwa ranwei ya 07 mbele kuna mji, sio sawa hata kidogo na lazima ujue kabla hujafungua throto.

BAHARINI

Kati ya Dar na Unguja ukienda futi 2,000 na injini moja, kuna kipande kirefu hufiki popote, futi 2,000 zinakupa kilomita 5 na kidogo tu. Panda juu zaidi, hilo ni la bure. Maboya yavaliwe kabla ya kuondoka, ndani ya ndege ndogo huwezi kulivaa ukiwa umefunga mkanda na ndege inashuka. Na lisijazwe upepo mpaka uwe nje. Ndege ya Ethiopian iliyotekwa Novemba 1996 ikaishiwa mafuta ikatua majini Ngazija, visiwa vya Comoro, kati ya watu 175 walikufa 125, na wapo walioyajaza maboya wakiwa ndani, maji yalipoingia wakaelea wakabanwa darini wasiweze kupiga mbizi kufika mlangoni.

Tua sambamba na mgongo wa mawimbi makubwa, usiyakabili uso kwa uso, isipokuwa upepo uwe mkali sana. Matairi ya 172 hayaingii ndani, kwa hiyo tegemea ndege kupiga pua na pengine kubinuka, shika mpini wa mlango au kiti kwa mkono mmoja usiuachie, ukiwa kichwa chini gizani mkono ndo unajua mlango uko wapi. Ukiona jahazi au boti ya uvuvi, tua karibu nayo, mbele yake kidogo ili wakuone.

WEWE ABIRIA

Mkanda chini kwenye nyonga, kaza mpaka uume. Toa miwani, kalamu mfukoni, simu shingoni. Viatu baki navyo, vya kisigino vua. Koti au begi laini mbele ya uso, inama. Kwenye Caravan mlango wa abiria uko nyuma kulia, uangalie ukiingia, na ukitoka nenda nyuma ya ndege, kamwe usipite mbele kwenye propela. Rubani akinyamaza usimuulize kitu, mwache afanye kazi.

NA KABLA YA HAPO

Kesi nyingi za injini kukata ni mafuta tu, yameisha, au yapo kwenye tanki ambalo hujalichagua, au yana maji. Chovya kijiti kwenye tanki, usiamini geji. Toa sampuli kila asubuhi na kila baada ya kujaza, avgas 100LL ni ya bluu, maji yanakaa chini kama tone, na kama chupa nzima haina rangi kabisa basi ama umechota maji matupu ama wamekuwekea mafuta ya jet. Viwanja vya porini vya mapipa, chuja kwa ngozi, hata kama jua linachoma na abiria ananuna.

Mkishashuka mkiwa hai, toka nje, kaa mbali upande upepo unakotokea, hesabu watu. Kisha baki karibu na ndege, ndege inaonekana kutoka juu, mtu anayetembea porini haonekani, na hakikisha ile beacon ya 406, kifaa cha kutuma ishara ya dharura, imewaka, kama haikuwaka yenyewe kuna swichi. Maji, kivuli, meseji ya simu kwa mtu mmoja mwenye akili yenye mahali mlipo. Usihamishe mabaki ya ndege zaidi ya kumtoa mtu, wachunguzi watakuja.

Na kama ndege iko nzima matairi yote yapo, ukaingia ukageuza ufunguo na injini ikawaka safi kabisa, zima, toa ufunguo, weka mfukoni. Imekata juu na haijakwambia kwa nini, na lile shamba ulilotulia kwa mita 200 tu halitoshi kuruka ukiwa na watu wale wale. Subiri fundi, akishapata sababu mwambie mwenye ndege atafute lori la kuibeba, atanuna, mwache anune.